Dozi ya Nne

3 Februari

Mdogo wangu Kibonge,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu Jumapili, na marahaba nakuletea kwa kalamu, maana simu ya nyumba hii haina siri. Ikilia tu mama anaiweka spika, na shemeji yako anaacha anachofanya aje kusikiliza.

Tunaendelea. Goti la mama limepungua kuuma, anafika dukani na kurudi na habari za mtaa mzima. Shemeji yako amepata kazi ya mabomba kwenye jengo la ghorofa tatu, kila jioni anarudi na matope mpaka masikioni. Mimi na cherehani tuko palepale barazani. Ni msimu wa sare za shule, nashona kola mpaka naziota.

Sasa ile picha. Ulimtumia mama, mimi nikaionea kwake. Umesimama mapokezi ya hoteli, sketi nyeusi, mikono juu ya meza utadhani jengo ni lako. Mama alilia kwa furaha. Shemeji yako aliisogeza simu karibu na jicho akasema, "Kumbe Kibonge ana shingo." Akalisema tena wakati wa chakula. Mara ya tatu nikamwambia basi aioe hiyo picha.

Nisikufiche, roho iliniuma. Mimi ndiye niliyeitwa Njiti tangu utotoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukishonewa sare kwa kitambaa cha watoto wawili. Leo hii nakuandikia nikiwa kwenye gauni nililoliongeza vipande ubavuni, na rangi hazikuoana.

Tena kliniki ya sukari wameninyima. Kuna sindano ya mara moja kwa wiki, inashusha sukari na mwili unapungua. Kwenye benchi letu wawili wameshaandikiwa. Daktari alifungua daftari langu la vipimo, akasema naendelea vizuri mno na vidonge, sindano niwaachie wenye shida. Na shida ninayo. Mchana macho yananiletea ukungu, uzi nautunga mara tano ndipo uingie. Macho yakienda, cherehani imekwenda, na unajua nyumba hii inakula kwa cherehani kuliko kwa mabomba.

Wewe umefanyaje? Niambie ukweli.

Dada yako,
Njiti

27 Februari

Dada, shikamoo,

Msalimie mama mkubwa, mwambie alie kidogo, picha zipo nyingi. Shemeji naye mwambie shingo ilikuwepo siku zote, ilikuwa imejificha.

Mimi sijambo. Tangu Desemba nimetoka chumba cha kufulia. Miaka sita nimekunja mashuka kwenye mvuke, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniona. Sasa nasimama mbele, natoa funguo, naulizwa njia, na watu wananiita dada kwa heshima. Meneja ni yuleyule aliyesema mapokezi pananibana. Hajasema kitu, amenipa tu sketi.

Kuhusu mwili, hakuna cha ajabu. Natembea asubuhi, soda nimeacha, mkate nimepunguza. Basi mwili nao umeamua wenyewe.

Ila hilo la daftari sijalielewa, dada. Kama macho yana ukungu, inakuwaje daftari liseme unaendelea vizuri?

Mdogo wako,
Kibonge

30 Machi

Kibonge,

Marahaba. Wote wazima. Mama amegombana na jirani kuhusu kamba ya nguo na wamepatana, yote ndani ya asubuhi moja.

Mwili hauamui wenyewe. Wangu ungeamua, ungekuwa umeshaamua. Mama alinionyesha picha nyingine, ile uliyopiga chumbani kwako, friji nyuma yako iko wazi. Mlangoni mwa friji kuna boksi jeupe lenye mstari wa kijani. Boksi hilo nalijua. Picha yake imebandikwa ukutani kliniki, naitazama kila mwezi nikingoja kuitwa. Unachoma sindano, na sukari huna. Mimi mwenye sukari natembea na vidonge, halafu unaniambia habari za mkate.

Haya, na mimi nikwambie langu, usije ukasema nakuhukumu tu. Daftari nilijaza mwenyewe. Muuguzi alinipa kimashine, nijidunge kidole kila asubuhi niandike namba. Wiki ya kwanza niliandika kweli, namba zikawa mbaya. Sasa pale kwenye benchi tunaonyeshana madaftari, na kuna mama mmoja, mwenye duka la viatu, namba zake nzuri, muuguzi humsimamisha tumpigie makofi. Mimi niwapigie makofi wengine mpaka lini? Mwezi uliofuata nikaandika sita, sita nukta mbili, siku moja nikaweka saba ili isionekane nimetunga. Kimashine hata betri sikukitia. Nami nikasimamishwa, nikapigiwa makofi. Yule mama wa viatu uso ulimshuka, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kile kipimo kikubwa cha damu mashine yake imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo daktari anaamini daftari. Nikisema ukweli leo, nitakuwa mwongo wa miezi saba mbele ya benchi zima. Siwezi.

Sikiliza basi. Mimi na wewe tuna jina moja. Mama zetu walimpenda bibi wakatupa jina lake wote wawili, na babu akatuandikisha shule siku moja kwa jina la ukoo wake. Cheti cha dawa kilichoandikwa kwako kinasomeka kimeandikwa kwangu. Nitumie kimoja. Usiponitumia nitajua kwa nini.

Njiti

21 Aprili

Dada, shikamoo,

Poleni na jirani. Mimi nilikuwa na mafua, yamekwisha.

Ni kweli, nachoma sindano. Nilikwenda mwaka jana mwezi wa Septemba, kwa daktari mmoja aliyeko juu ya benki. Alinipima uzito, akanipima presha mara tatu maana hakuamini ya kwanza. Akanizungushia kiunoni futi ya plastiki kama hiyo yako. Ikagoma kukutana, akaenda kuleta nyingine bila kusema neno. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angecheka. Akauliza kama kuna mgonjwa wa kongosho au uvimbe wa shingo kwenye ukoo, kama nina mimba, kama naona vizuri. Kisha akaandika, akanifundisha kuchoma tumboni. Akasema kwa presha ile, mwili usipopungua, nitaanguka kabla ya miaka hamsini.

Nilificha kwa sababu nilitaka watu waseme nimejitahidi. Mtu akipungua kwa sindano, hammwambii hongera. Mnasema tu, aa, kumbe.

Dada, mwambie muuguzi ukweli. Benchi litacheka siku moja, wiki ya pili litamcheka mwingine. Hilo ndilo ningelifanya mimi.

Lakini najua hutafanya. Ndani ya bahasha hii kuna cheti, kina muhuri, na tarehe yake bado ni nzuri. Dawa iwekwe mlangoni mwa friji, isigande. Kula kidogo kidogo.

Kibonge

8 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Bahasha imefika. Mama hajambo, shemeji yako hajambo, hata paka wa jirani hajambo.

Nilikwenda famasia ya mbali, upande wa pili wa mji, ambako hakuna wa kunijua. Kijana wa kaunta akamwita mfamasia, mfamasia akasoma jina, nikamwonyesha kitambulisho, jina likawa lilelile. Nikapewa. Nimetoka mle nimenyoosha mgongo. Leo Ijumaa asubuhi nimechoma kwa mara ya kwanza, mlango nimeufunga na komeo. Wala haiumi, sindano ya cherehani imeniuma zaidi mara elfu.

Kufika Desemba tutapiga picha pamoja. Shemeji yako atakosa aangalie shingo ipi.

Njiti wa zamani

2 Juni

Dada, shikamoo,

Sijapata barua yako tangu ile ya Mei. Jumapili nilipopiga simu mama mkubwa aliniambia umelala, na kabla hatujamaliza maongezi akasema umekwenda sokoni. Hakuiweka spika. Shemeji nilimsikia nyuma akisema, "Mwambie baadaye, mwambie baadaye."

Niandikie hata mstari mmoja. Kama unaumwa tumbo, nywa maji kwa kijiko, na sindano usiendelee nayo.

Kibonge

19 Juni

Kibonge,

Marahaba. Mama anakusalimu. Alikudanganya kwenye simu kwa kuwa mimi nilimtuma.

Nililazwa siku tisa. Ile Ijumaa jioni nilianza kichefuchefu, nikasema ndiyo dawa inafanya kazi, nikafurahi. Jumamosi nilitapika mpaka hakikubaki kitu, nikaendelea kutapika hewa. Maji yalikuwa hayakai. Jumatatu nilianguka kati ya cherehani na mlango, na sare za watu zikaanguka pamoja nami. Shemeji yako alinibeba mpaka barabarani. Alivyonishusha alikuwa anahema, na unajua nilichofikiria? Nilifikiria kwamba wewe angekubeba bila kuhema. Mtu anakufa na bado ana kijicho.

Walinitundikia maji, wakapima damu kwa mashine nzima, sukari ikatoka kumi na nne. Figo nazo zilikuwa zimeanza kugoma kwa kukosa maji, zimerudi. Daktari wa wodi, mwanamke mfupi asiyecheka, aliomba nimwonyeshe nilichochoma. Shemeji yako akaleta boksi. Akalisoma, akanitazama. Akasema, "Hii ni dozi ya nne. Mtu anaanza na ya kwanza, anakaa nayo mwezi, ndipo anapanda. Nani alikuanzisha hapa?" Nikasema daktari wa mbali. Akauliza wapi, nikasema nimesahau. Cheti hakukiona, na wewe sikukutaja.

Nimelala hapa nyumbani siku nyingi nafikiri. Ulieleza friji. Ulieleza kula kidogo. Ulieleza mpaka futi ya plastiki. Neno hilo la kupanda dozi hukuliandika. Kwa hiyo nina swali moja, na usinijibu kwa habari za hoteli. Wewe ulianza na ya ngapi?

Njiti

6 Julai

Dada, shikamoo,

Nilianza na ya kwanza.

Daktari wangu huandika cheti kwa nakala mbili, moja naipeleka famasia, moja inabaki kwangu na muhuri wake. Siku nilipokujibu, nakala zangu nne zilikuwa kwenye droo, ya kwanza mpaka ya nne. Nilizitandika kitandani. Ya kwanza niliishika mkononi, nikairudisha. Nikatia ya nne kwenye bahasha, nikailamba, nikaipeleka posta kabla sijabadili mawazo.

Naapa sikujua utalazwa. Mimi mwenyewe dozi ya kwanza ilinichafua tumbo siku mbili, na ya pili siku moja. Nilijua ya nne itakuumiza. Nilitaka ikuumize kiasi, uiache, useme dawa hii haipatani nawe, urudi kwenye vidonge vyako. Hilo ndilo nililotaka, nimelisema.

Unataka kujua kwa nini. Darasa la sita mwalimu alisoma matokeo, akataja jina letu, wa pili darasa zima. Kila mtu alikugeukia wewe. Ukasimama, ukaenda mbele, ukapokea ile kalamu ya wino na mkoba. Alama zilikuwa zangu. Nilijua kwa ile ya hesabu, maana wewe hesabu uliikosa yote. Mkoba ulitembea nao wiki nzima mpaka babu alipoona karatasi. Hata aliporekebisha, watu waliendelea kukumbuka ulivyosimama wewe, kwa kuwa ulisimama vizuri. Mwembamba, mrefu, sketi imekaa. Maisha yangu yote nimekuwa nyuma ya jina letu na wewe uko mbele. Halafu mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mama mkubwa amelia kwa picha yangu. Shemeji amesema nina shingo. Barua yako ya kwanza ilinuka wivu kila mstari, dada, na mimi niliisoma nimesimama kwenye ile meza ya mapokezi, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Kisha ukaniomba hicho hicho nikupe. Nikaona kufika Desemba utakuwa umesimama tena mbele.

Nisamehe. Nakuomba usimwambie mama mkubwa.

Kibonge

28 Julai

Dada, shikamoo,

Bado sijapata jibu. Sikulaumu. Naomba unisamehe. Kama una hasira ziandike, hata matusi nitayasoma. Macho yanaendeleaje?

Kibonge

25 Agosti

Dada, shikamoo,

Hii ni ya tatu. Jumapili mama mkubwa aliniambia umesimama palepale karibu naye, na hukutaka simu.

Sindano nimeacha, sasa wiki ya saba. Nikilishika boksi nakuona umelala kati ya cherehani na mlango. Uzito umeanza kurudi, sketi ya mapokezi naifunga kwa pini. Juzi kichwa kiligonga kutwa, msichana wa zamu akanipima presha kwa kimashine cha hoteli, akaniambia nikae chini. Sijaenda kwa daktari. Acha tu. Nilichokitafuta nimekipata.

Nisamehe ukiweza.

Kibonge

14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, moja kwa kila barua.

Mama goti limerudi kuuma, kwa sababu ya baridi. Shemeji yako amemaliza lile jengo. Sare zote nimezifua upya na kuzikabidhi, wateja wawili tu ndio walionuna.

Kliniki nimerudi na karatasi za hospitali. Muuguzi alisoma ile kumi na nne, akafungua daftari langu la sita sita, akafunga. Hakunitangaza. Nilijitangaza mwenyewe, maana yule mama wa viatu aliniuliza siku hizi naandika ngapi, nikamwambia zile zote nilitunga. Akatazama huku na huku. Kisha akaniinamia sikioni akasema hata zake. Mtu wa macho amenitazama, anasema kuna mishipa imeanza kuharibika ila anaweza kuizuia nikishusha sukari taratibu. Nimeandikiwa sindano, dozi ya kwanza, kwa jina langu na kwa faili langu. Kola bado nashona, ila uzi nautungiwa na mama.

Sasa lililonifanya ninyamaze, na halikuwa hasira.

Kule famasia, yule mfamasia alisoma dozi. Aliniuliza kama nimeshapita tatu za mwanzo. Akaingia ndani akatoka na boksi la dozi ya kwanza, akaliweka mezani kando ya lile la nne, akasema, "Kama hujaanza, mama, rudi kwa aliyekuandikia akuandikie hili. Hilo jingine litakulaza." Alisema neno hilo, litakulaza. Nikayatazama maboksi yote ya dawa nyuma yake ili nisimtazame yeye. Nikahesabu, nikiondoka na la kwanza nitakuwa nyuma yako miezi mitatu kamili. Nikamwambia nimepita zote.

Kwa hiyo ulichokifanya ulikifanya, na sikifuti. Lakini mimi nilionywa, na wewe hukuwepo pale mezani kunishika ulimi. Swali nililokuuliza toka kitandani, jibu lake nilikuwa nalo. Nilitaka ulitamke wewe. Na ulipolitamka, nikakuacha uombe msamaha, mara moja, mara mbili, mara tatu. Barua zako nilizisomea barazani, na kila moja niliirudia. Nilipenda kwamba unaumia. Ile ya Agosti nilianza kuisoma kwa raha ileile, nikafika kwenye pini ya sketi, nikacheka. Kisha nikafika kwenye presha, nikakumbuka alichokwambia yule daktari wa juu ya benki. Hapo kicheko kiliniishia.

Nimekusamehe, na wewe nisamehe. Mama sijamwambia, ya kwako wala ya kwangu.

Rudi kwa daktari wako. Usichome ulipoishia, umekaa mno bila dawa, na mimi najua dozi kubwa inafanya nini kwenye tumbo lisiloizoea. Mwambie wiki ngapi umeacha, usizipunguze hata moja. Pengine atakurudisha ya kwanza, nami niko ya kwanza, kwa hiyo tutakuwa sawa. Nilijichunguza kama hilo linanifurahisha. Limenifurahisha siku mbili nzima kabla sijashika kalamu. Nenda leo.

Dada yako